Neno "kibosh" la Kiingereza: ni kiboko chetu, kofia ya kunyongea, au nini hasa?

#1 Mtafsiri wa Zamu

Salaam wakuu. Natafsiri kumbukumbu za familia moja ya Kiingereza na nimekwama kwenye msemo "put the kibosh on". Maana ya leo naijua: kukizima kitu, kukikomesha kisiinuke tena. Bosi akikataa bajeti yako, ameiwekea kibosh. Baba mkwe akigoma harusi ikiwa imebaki wiki, hiyo nayo ni kibosh.

Kinachonisumbua ni asili yake. Kamusi kubwa za Kiingereza kwa miaka mingi zimeandika kwamba asili haijulikani, zikapita. Lakini Gerald Cohen, Stephen Goranson na Matthew Little wametoa kitabu kizima juu ya neno hili moja, na wao wanasema limetokana na kurbash, mjeledi wa Misri na Sudani uliotengenezwa kwa ngozi ya kiboko.

Mimi niko upande wao. Tena nasema sisi tunaoongea Kiswahili tuna njia ya kulielewa neno hili ambayo Waingereza hawana, kwa sababu kwetu mnyama na mjeledi vina jina moja. Mnasemaje?

#2 Kijana wa Lamu

Swali limejijibu. Kiboko, kibosh. Toa "ko" weka "sh". Na msiniambie Waingereza wa zamani hawakufika pwani yetu. Nahodha Owen aliiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1824, Wamazrui, watawala wa mji, wenyewe wakiuomba, na ulinzi huo ukadumu mpaka 1826. Mabaharia wale walirudi kwao na masikio yao.

#3 Wakili Msomi

Kijana wa Lamu, habari za Owen ni sahihi. Kinachokosekana ni kiungo. Nionyeshe barua au shajara ya meli ambamo baharia mmoja tu ameandika "kiboko" kwa maana ya mjeledi, kisha nionyeshe neno hilo likitembea mpaka London. Kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi kitu. Kifarsi kina neno "bad" lenye maana ileile ya "bad" ya Kiingereza, na wanaisimu wanakubaliana kwamba hayana undugu.

Deni hilohilo namdai na mleta uzi. Kurbash ilifikaje mitaani London?

#4 Mama Tatu

Nimeweka kiti hapa. Ila kwanza niambieni, linatamkwaje?

#5 Mkunga wa Leeds

Mama Tatu, huku kaskazini mwa Uingereza wazee wanasema KAI-bosh, mkazo uko mwanzoni. Bibi mmoja wodini alikatazwa na daktari kusafiri kwenda kwa mwanawe, akaniambia daktari ameiwekea kibosh safari yake. Alivyolitamka hilo neno, nilisikia mlango ukifungwa.

Lakini asili niliyoambiwa mimi ni nyingine kabisa. Nafanya kazi na dada kutoka Ireland, na yeye hana shaka: ni Kiayalandi, "caidhp bháis", yaani kofia ya mauti. Ni ile kofia nyeusi jaji alikuwa akiiweka kichwani anapotamka hukumu ya kunyongwa. Kofia ikishavaliwa, mambo yamekwisha. Mshairi wao Padraic Colum ndiye aliyeieneza asili hiyo.

#6 Fundi Saa

Naomba tuanze na tarehe, ndipo tugombane vizuri.

Watu wengi hutaja mwandishi Charles Dickens. Kwenye maelezo yake ya mtaa wa Seven Dials pale London, yaliyotoka gazetini 1835 na kuingia kitabuni 1836, wanawake wawili wanagombana barabarani na kijana mhudumu wa baa anamshangilia mmoja wao amwekee mwenzake "kye-bosk". Angalieni tahajia, inaishia na k.

Kuna ushahidi wa kabla ya hapo. Novemba 1834 mafagia-dohani wa London, yaani wasafisha mabomba ya moshi, walipelekwa mahakamani kwa sababu sheria mpya ya mwaka huo iliwakataza kupita mitaani wakinadi kazi yao kwa sauti. Mmoja wao akalalamika mbele ya hakimu kwamba sheria hiyo ililetwa na chama cha Whig, na ndiyo maana Duke wa Wellington amewawekea hao Whig kibosh. Gazeti likaandika hata lafudhi yake, "Vigs" badala ya "Whigs". Na ni kweli: mwezi huohuo Mfalme William IV aliiondoa serikali ya Whig, na Wellington akashika nafasi ya waziri mkuu kwa muda.

Kwa hiyo 1834 neno lilikuwa tayari kinywani mwa mfagia-dohani, na alilitumia kwa siasa bila kulifafanua. Anayeleta asili yoyote ajibu hilo: lilimfikiaje mtu yule, mwaka ule?

#7 Kijana wa Lamu

1834 ni miaka minane tu baada ya 1826. Mimi sijasogea.

#8 Mkunga wa Leeds

Fundi Saa, ahsante. Kumbuka pia Seven Dials ya wakati ule ilijaa maskini waliotoka Ireland. Neno la Kiayalandi halikuhitaji meli ya mbali, lilikuwa linalala mtaani hapohapo.

#9 Mwanatheolojia Mbeya

Bwana asifiwe. Kuna asili ya tatu ambayo haijatajwa. Mwaka 1901 kwenye jarida la maswali na majibu la Waingereza iliandikwa kwamba neno hili ni la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, au la Kiebrania cha Wayahudi wa Uingereza, na kamusi ya Oxford ikaichukua taarifa hiyo.

Kiebrania kina kitenzi "kavash", chenye mzizi wa k-b-sh, maana yake kutiisha, kukanyagia chini. Ndicho kilicho kwenye Mwanzo 1:28, Mungu anapomwambia mwanadamu aijaze nchi na "kuitiisha". Maana inalingana kabisa: kumwekea mtu kibosh ni kumtiisha.

#10 Wakili Msomi

Mwanatheolojia, maana inalingana, ila ni kitenzi. Msemo wa Kiingereza unataka nomino, tena kitu kinachowekwa juu ya kitu. Wayahudi wa London walikuwa wanaweka nini juu ya nini?

#11 Mwanatheolojia Mbeya

Kuna jibu, ingawa linapita njia nyingine. Herufi za Kiebrania ni tarakimu pia. Neno "khai", uhai, hesabu yake ni 18. Wafanyabiashara wa mitaani walisema "kye" kwa maana ya peni 18, na wapo wanaosema kibosh ilianza kwenye mnada: ukipandisha dau hadi peni 18 umewafunga midomo wenzako.

#12 Wakili Msomi

Sasa umeleta asili mbili za Kiyidi zinazopingana. Ama kutiisha, ama peni 18. Chagua moja, tuijadili.

#13 Mwanatheolojia Mbeya

Siwezi kuchagua pale ushahidi usipochagua. Nimezileta kwa sababu zote mbili zimeandikwa na watu makini.

#14 Msafiri Muscat

Nijibu lile swali la #3, kurbash ilifikaje London.

Kiarabu ni kurbaj, Kituruki ni kırbaç, Wafaransa wakaandika courbache, na Waingereza wakaliandika kila mtu alivyosikia. Jeshi la Uingereza lilikuwa Misri mwaka 1801 likiwafukuza Wafaransa. Msafiri Burckhardt alipita Nubia mwaka 1813, na kitabu chake kilichochapwa London 1819 kinataja mijeledi ya ngozi ya kiboko iliyouzwa masokoni huko. Kwa hiyo kabla ya 1834 msomaji wa Kiingereza alishakutana na kurbash, na askari aliyefika Misri alishaiona kwa macho.

Haikuwa fimbo ya kuswagia punda. Ndiyo iliyomtoa mkulima wa Misri nyumbani kwenda kuchimba mifereji bila ujira, na ndiyo iliyomkamua kodi. Mpaka Waingereza walipoitwaa Misri, moja ya amri za kwanza, mwaka 1883, ilikuwa kuipiga marufuku kurbash. Lord Cromer, mkuu wa Waingereza huko Misri, aliihesabu miongoni mwa mambo matatu mabaya ya Misri, pamoja na kazi ya kulazimishwa na rushwa.

#15 Mtafsiri wa Zamu

Msafiri Muscat, hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Naongezea ushahidi mwingine. Kuna shairi la mtaani la Kiingereza, lililochapwa kwenye karatasi moja, liitwalo "Penal Servitude", yaani kifungo cha kazi ngumu. Mwimbaji anawaambia wahalifu kwamba kuna ujanja mmoja ungeiwekea kazi yao kibosh mara moja: kuwaletea mjeledi. Kibosh na mjeledi viko kwenye ubeti mmoja. Nimeona limekadiriwa kuwa la 1830, na kama ndivyo basi ni la kabla ya mfagia-dohani.

#16 Fundi Saa

Mkuu, hilo shairi haliwezi kuwa la 1830. Hiyo "penal servitude" ni adhabu iliyowekwa na sheria ya 1853, walipoanza kupunguza kupeleka wafungwa Australia. Shairi lenye jina hilo limetoka baada ya hapo. Linaonyesha kwamba mtunzi mmoja aliviweka pamoja kibosh na mjeledi miaka mingi baadaye, basi. Asili halithibitishi.

#17 Mtafsiri wa Zamu

Tarehe naipokea. Lakini mtunzi wa mtaani anaandika kwa ajili ya masikio ya mtaani. Kama baada ya 1853 wasikilizaji wake walikuwa bado wanauona mjeledi ndani ya neno hilo, nalihesabu.

#18 Bukavu Moja

Jambo wote. Mimi ni wa Kivu. Mnaongea juu ya mjeledi wa ngozi ya kiboko kama kitu cha Misri tu. Kwetu Congo Wabelgiji waliita chicotte, neno walilolitoa kwa Wareno, na ilikuwa ngozi hiyohiyo: inakatwa vipande virefu, inakaushwa kwa jua, inasokotwa mpaka kingo zake zinakata nyama. Wakati wa mfalme wao Leopold II, kati ya 1885 na 1908, mpira na pembe za ndovu vilitoka chini ya kitu hicho. Na haikuisha Leopold alipoondoka.

#19 Mwalimu Mstaafu

Bukavu Moja, pole kwa historia hiyo, ni yetu pia. Huku Tanganyika wazee wetu walikuwa na neno "hamsa ishirini". Ni viboko 25, hesabu ya Wajerumani. Kanuni zao ziliweka 25 kuwa kikomo kwa mkupuo mmoja, na askari akawa anahesabu kwa sauti. Babu zetu walilitumia neno hilo kama jina la utawala mzima.

Jambo la kuuma ni hili. Vita vilipoanza 1914, kwenye kumbi za burudani za London walikuwa wanaimba wimbo uliosema Ubelgiji imemwekea Kaiser, mfalme wa Ujerumani, kibosh. Tuupime wimbo huo kwa macho ya huku. Kaiser ndiye ambaye kiboko chake kilikuwa kinatua migongoni mwetu, na Ubelgiji ndiyo iliyokuwa na chicotte Congo. Kama mleta uzi yuko sahihi, basi mjeledi ulikuwa ndani ya wimbo na hakuna hata mmoja ukumbini aliyeuona.

#20 Mama Tatu

Mwalimu, nimeisoma mara mbili.

#21 Makutupora

Mwalimu na wewe ulitupiga, ni vile hutujui humu kwa majina yetu.

#22 Mwalimu Mstaafu

Makutupora, inawezekana, nilifundisha wengi. Ila mambo yamebadilika. Kenya waliondoa viboko shuleni 2001. Sisi kanuni za 2002 zilipunguza hadi vinne, na mkuu wa shule lazima aidhinishe. Ona na lugha ilivyokwenda: mtoto anachapwa kwa fimbo ya mti, lakini adhabu bado inaitwa viboko. Ngozi ilishaondoka zamani, jina likabaki kuhesabia mapigo.

#23 Mama Tatu

Basi niseme langu. Nauza dawa za wadudu sokoni. Kila siku naita wateja: "Njoo uchukue kiboko ya mende! Kiboko ya panya!" Mteja anaelewa kwamba hii ikipita, panya kwisha. Si ndiyo kibosh hiyo mnayoitafuta?

#24 Mtafsiri wa Zamu

Mama Tatu, umenipa tafsiri niliyoikosa. Ushuru wa forodha ulikuwa kiboko ya mipango ya babu yao. Nimeshaiandika.

#25 Wakili Msomi

Hapa nataka kuongeza kitu cha sarufi, maana Mama Tatu amefungua mlango mkubwa. Sikilizeni upatanisho: "kiboko mkubwa yule" ni mnyama. "Kiboko kikubwa kile" ni mjeledi. Lakini "kiboko yao", "kiboko ya panya", hapo watu hawasemi "kiboko chao". Kiswahili cha mtaani kimeipa maana ya tatu upatanisho wake, maana yake wasemaji hawaioni tena kama mjeledi. Kutoka mnyama, hadi chombo cha kuumizia, hadi anayewashinda wote. "Yule dogo ni kiboko" ni sifa.

Na hili ndilo limenifanya nisiitupe kurbash kabisa. Kiingereza cha karne ya 19 nacho kilikuwa na maana ya namna hiyo: "the proper kibosh" ilikuwa ndiyo yenyewe hasa, kitu kilichotimia. Sina uhakika kwamba mjeledi ndiyo chanzo. Nasema njia ya maana inapitika, tumeshaipita wenyewe.

#26 Msafiri Muscat

Wakili amelainika.

#27 Wakili Msomi

Kwenye maana tu. Kwenye sauti bado. Kurbash ikipoteza r kwa ulimi wa London inakuwa "kabash" au "kobash". Hiyo "kai" ya mwanzoni, anayoisikia Mkunga leo na aliyoiandika Dickens 1835, imetoka wapi? Hapo peni 18 za Mwanatheolojia zinajibu vizuri zaidi, kwa sababu "kye" inayo hiyo "kai" kamili.

#28 Fundi Saa

Na maana nyingine msizisahau. Kamusi ya misimu ya Hotten ya 1859 imefafanua kibosh kuwa ni upuuzi, maneno matupu. Hapo wengi hufikiri limechanganyika na "bosh", neno la Kituruki "boş", yaani tupu, ambalo James Morier alilieneza kwa riwaya yake ya 1834. Mwaka uleule wa mfagia-dohani! Mafundi wa sanamu nao waliita kibosh saruji waliyoitupia kwenye kazi ili vivuli vikolee. Na wapo waliokwenda kwenye ngao za ukoo, ambako kichwa cha mnyama kilichochorwa uso mbele bila shingo huitwa "caboshed". Kichwa kilichokatwa ni mwisho wa maneno, ingawa sioni mfagia-dohani akizungumza lugha ya ngao za mabwana.

#29 Kijana wa Lamu

Mmekubali Kituruki, Kiebrania, Kiayalandi, Kiarabu na ngao. Kiswahili peke yake ndicho kinadaiwa barua ya baharia.

#30 Wakili Msomi

Kila kimoja kinadaiwa, soma vizuri. Kofia ya Ireland ndiyo inadaiwa zaidi. "Bháis" haianzi na b, hiyo "bh" inatamkwa kama w au v. Na ukimuuliza Muayalandi wa leo "caidhp bháis" ni nini, anaweza kukuonyesha uyoga wenye sumu, ule unaoua.

#31 Mkunga wa Leeds

Nimemuuliza yule dada. Kuhusu uyoga amekubali, kuhusu sauti amekataa. Anasema Mwingereza akisikia "kaip wosh" haraka haraka, p inameza ile w, atabaki na "kaibosh". Alilisema mbele yangu kwa kasi, na niliisikia b. Halafu akanikumbusha kofia nyingine, ya 1798: askari wa Uingereza walipowashika waasi wa Ireland waliwavisha kofia iliyojaa lami ya moto, wakaiacha igande, kisha wakaing'oa pamoja na ngozi ya kichwa. Kwao kofia ya mauti si mafumbo, na inawekwa juu ya mtu, kama Wakili alivyotaka pale #10.

#32 Fundi Viatu Kariakoo

Wakuu nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Nina kitu kuhusu kazi yangu. Nilisoma kwamba mafundi wa viatu vya mbao huko Uingereza waliita kibosh kipande cha chuma, urefu kama futi moja, wanachokipasha moto halafu wanakipitisha juu ya ngozi ili ilainike na kukaa sawa. Hata sisi tuna chuma cha moto cha kumalizia kingo za soli. Ukishakipitisha, hakuna la kuongeza, kiatu kimefungwa. Sasa soma msemo wenyewe: weka kibosh juu ya kitu. Mjeledi haukai juu ya kitu, unapiga. Chuma ndicho kinachowekwa.

#33 Fundi Saa

Hicho chuma kipo kweli kwenye maandishi, lakini taarifa zake ni za mwisho wa karne ya 19. Msemo ulikuwa na zaidi ya miaka 50 tayari. Inawezekana mafundi walikipa chuma jina kutokana na msemo.

#34 Fundi Viatu Kariakoo

Fundi Saa, vyombo vya fundi maskini vinachelewa sana kuingia vitabuni. Nina zana hapa mezani ambazo marehemu mzee wangu aliziita majina ambayo hakuna kamusi iliyoyaandika mpaka leo. Mfagia-dohani wa 1834 alikuwa mtu wa kazi za mikono, na mtaa wake ulikuwa na mafundi viatu. Sioni kwa nini neno lake lazima litoke kwa askari wa Misri au kwa jaji, lisitoke kwa jirani.